Gari Dogo Lisilo na Paa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na anayenijua anajua. Kwa hiyo nikisema kwamba siku kaka yangu alipoyeyusha paa la gari la watu nilikaa chini bila kutoa neno, elewa kwamba jambo lenyewe lilikuwa zito.

Gari lilikuwa la kuchezea, urefu wake kama kiatu cha mtu mzima, lakini usilidharau. Lilikuwa la chuma, siyo plastiki. Lilikuwa gari la mashindano, lile la chini chini lenye pua ndefu. Milango ilifunguka, boneti ilifunguka ukaona injini, na ukizungusha usukani kwa ncha ya kidole, magurudumu ya mbele yalikata kona. Kwa miaka mingi lilikaa juu ya kabati la vioo katika duka moja la vitambaa mjini Shinyanga. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kihindi, mzaliwa wa pale pale, aliyesema Kisukuma safi kuliko mimi. Alimnunulia mwanawe wa kwanza, mwana akakua akaenda kuishi ng'ambo, gari likabaki. Kila mama aliyeingia dukani na mtoto analia alikabidhiwa gari lile ambembelezee. Rangi yake nyekundu ilikuwa imeliwa na meno ya watoto wa wilaya nzima.

Hiyo ilikuwa katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, naishi mtaa wa Kambarage na baba yangu, na kazi yangu ilikuwa rangi. Baba alikuwa mchora vibao. Majina ya maduka, namba za magari, maneno ya nyuma ya malori ya pamba, yote yalitoka kwenye kibanda chetu cha mabati kando ya barabara. Mama muda mwingi alikuwa kijijini Didia, kwenye shamba. Kaka yangu, mkubwa wangu kwa miaka mitatu, alikuwa Segese akichimba dhahabu, na kila alipokuja alisema safari hii duara lao, yaani shimo lao la kuchimbia, limekaribia dhahabu. Kwa hiyo brashi ilibaki kwangu. Herufi nilizijua mpaka nikazichoka, na nilichokitaka moyoni ni gari zima, kuanzia boneti mpaka buti.

Nilikwenda gereji kuomba kujifunza. Fundi rangi wa pale, mtu mwenye kucha nyeusi na maneno mengi, aliwaambia wenzake huku mimi nimesimama, "Mwanamke akitaka rangi si apake kucha." Wakacheka. Mimi nikayameza yale maneno nikaondoka nayo.

Halafu nikasikia kwamba yule mzee wa duka anamwoza binti yake wa mwisho. Alikuwa na gari lake la zamani, saluni, lililokuwa krimu enzi zake na sasa lilifanana na chai iliyolala. Alitaka lipigwe rangi upya ili bibi harusi apandishwe humo. Sikumngoja baba anishauri. Nilifunga kanga kiunoni nikaenda dukani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, binti. Kitambaa gani leo?"

"Leo sitaki kitambaa. Nataka kupiga rangi gari lako."

Alinitazama, mkasi mkononi. "Umewahi kupiga rangi gari?"

"Bado, mzee."

"Angalau husemi uongo." Akapanda kwenye kigoda, akashusha lile gari dogo, akalifuta vumbi kwa shati lake. "Nipigie hili, krimu, kama langu litakavyokuwa. Kila kitu kibaki kama kilivyo, ni rangi tu. Nakupa wiki mbili. Likinipendeza, kubwa ni lako. Lisiponipendeza, yule fundi wa gereji ananingoja."

Nilitoka pale nimelikumbatia kifuani. Nilijua kwamba nikishindwa nitachora herufi mpaka nizeeke, maana mjini kwetu habari ya mwanamke aliyeharibu gari ingetembea kuliko basi.

Kazi ya gari dogo huanzia chini. Kulikuwa na ribiti mbili zilizoshika sakafu yake na bodi. Nikaazima keekee ya seremala jirani, nikazitoboa polepole, gari likafunguka. Baba alikuwa amenifundisha kupanga vitu kwenye gazeti kwa mfuatano wa kutoka, ili kurudisha uanze na cha mwisho. Basi nikapanga: sakafu, magurudumu, viti, usukani, vioo. Bodi tupu ikabaki mkononi mwangu, na alama zote za meno ya wale watoto.

Kuitoa rangi ya zamani nilitumia mafuta ya breki. Mtu yeyote aliyekaa karibu na gereji anajua kwamba tone moja la mafuta ya breki likidondokea bodi ya gari, rangi inanyanyuka. Niliyajaza kwenye kopo tupu lililokuwa la mafuta ya kupikia, nikaizamisha bodi humo siku mbili. Siku ya tatu rangi ilikuwa imekunjamana, inatoka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Nikasugua kwa mswaki na sabuni, nikapitisha msasa laini, na chini yake kukatokea chuma cheupe kinachong'aa. Nilifurahi mno. Nililiweka kwenye gazeti kivulini likauke, kila nikipita naligusa.

Siku hiyo hiyo kaka akashuka kwenye lori kutoka Segese, vumbi mpaka masikioni, na alikuwa na furaha kuliko nilivyozoea kumwona. Mfukoni alikuwa na kisanduku cha kiberiti, na ndani ya kisanduku, kwenye pamba, punje ya dhahabu. Ilikuwa yake mwenyewe, mgawo wake wa miezi mingi, na alikuwa ameipangia baiskeli. Alituruhusu tuitazame, baba na mimi, kila mtu kwa zamu, bila kuipumulia.

Nikamsimulia habari ya mzee, ya gari, na ya fundi wa kucha. Alisikiliza ameacha mdomo wazi. Nikamwambia pia kwamba nilitaka kuchora mstari mwembamba wa dhahabu ubavuni, kutoka puani mpaka mkiani, lakini rangi ya dhahabu iliyopo madukani ilikuwa imefifia, ukiipaka inaonekana tope. Hilo neno ndilo lililoleta balaa. Nililisema mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Kwa asiyejua, kule machimboni jiwe husagwa kwenye karasha likawa unga, unga ukaoshwa, kisha ukatiwa zebaki. Zebaki inaifuata dhahabu popote ilipojificha, inaimeza, vinakuwa donge laini la kijivu. Donge linachomwa kwenye mkaa, zebaki inaondoka na moshi, dhahabu inabaki peke yake. Leo najua moshi ule ni sumu kali. Enzi hizo watu walikaa upande upepo unakotoka, kwa ajili ya macho tu.

Sasa fikiri kama mtu wa Segese. Ukilainisha dhahabu yako kwa zebaki ikawa uji, ukauchora ule uji ubavuni mwa gari, ukachoma, si zebaki itaondoka na dhahabu itabaki pale pale ulipoichora? Mimi mwenyewe angeniuliza ningesema ndiyo. Ila hakuniuliza. Asubuhi nilikwenda sokoni kutafuta thina ya kuzimulia rangi, yeye akatoa kichupa chake cha zebaki.

Niliporudi, alikuwa amechuchumaa nyuma ya nyumba mbele ya jiko la mkaa, koleo mkononi. Alikuwa amechora mistari miwili, kila ubavu wake, imenyooka vizuri, maana naye ni mtoto wa mchora vibao. Halafu, ili moto usiiguse mistari, aliigeuza bodi juu chini akailaza paa kwenye makaa. Jambo ambalo hakulijua, wala mimi sikulijua, ni kwamba chuma cha magari yale si chuma cha jembe. Ni chuma laini cha kumiminwa, na moto wa mkaa unakiweza. Paa lilikuwa limebonyea, limeshuka ndani, sehemu moja limedondoka kabisa. Na zebaki nayo ilikuwa imekipenda kile chuma kuliko dhahabu. Mistari ilikuwa imezama ubavuni, imeacha mikwaruzo ya kijivu.

"Dhahabu iko wapi?" nikauliza.

"Ilikuwa hapa," akasema, ananionyesha kwa ncha ya msumari.

"Umeweka kiasi gani?"

"Yote."

Ndipo nilipokaa chini. Nilikaa kwa muda wa kutosha mpaka kuku wakaja kunizunguka. Kisha hasira ikafika. Nilimwambia kaka yangu maneno ambayo ni bahati mama alikuwa Didia hakuyasikia. Nilimwambia kichwa chake maji, nilimwambia kitumbua changu kilikuwa kimeshaiva na yeye ndiye aliyekuja kukitia mchanga, nikamwambia arudi Segese akachome paa za watu wa huko. Hakujitetea. Aliweka koleo chini taratibu.

"Nilitaka," akasema, "yule mzee akiliona, asiwe na mtu wa kukulinganisha naye."

Mtu aliyeipangia punje yake baiskeli, kisha ameipaka kwenye gari la mtoto wa mtu kwa ajili yangu, utamgombeza mpaka lini? Nilimpenda sana saa ile, na nilitamani kumpiga pia. Yote mawili yalikuwa ya kweli.

Siku mbili zilizofuata nilijifanya naweza kuficha. Nilitafuta pati, ile wanayozibia mabonde ya magari, nikaunda paa jipya juu ya kipande cha bati. Likapasuka. Nikaunda jingine, nene zaidi, likawa kama mkate wa boflo. Nilipiga msasa mpaka vidole vikawasha, nikajiambia rangi itafunika. Baba akaja, akavaa miwani, akalibonyeza kwa dole gumba.

"Hili atalijua kabla hajalishika," akasema.

"Sasa nifanyeje, baba?"

"Rangi ikitiririka kwenye kibao, sisi tunafanyaje?"

"Tunakwangua mpaka bati."

"Haya." Akarudi kwenye kibao chake cha kinyozi.

Nikapiga moyo konde. Nilichukua wembe wa msumeno nikalikata lile boflo, nikakata na nguzo zilizobaki, nikaacha fremu ya kioo cha mbele tu. Nikalainisha kingo kwa tupa. Nilipomaliza, nilikuwa na gari lililo wazi juu, lile la kupandia umefunga kilemba na upepo unakupiga. Nililitazama huku na huku. Lilikuwa limependeza. Nilishangaa jinsi lilivyopendeza, na hapo hapo nikaingiwa na woga, kwa sababu mzee alikuwa amesema kila kitu kibaki kama kilivyo.

Lakini gari likiwa wazi, ndani panaonekana, na ndani palikuwa na viti vyeusi vya plastiki vimechakaa. Kaka, aliyekuwa akijipitisha pitisha bila kuthubutu kushika kitu, akaniomba viti. Kule machimboni walishona mifuko yao ya mawe wenyewe, na mkono wake wa sindano ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nikampa kipande cha mahameli ya rangi ya damu ya mzee, ule wekundu uliokolea, kilichotoka kwenye gauni la mama la zamani. Alivivika viti vyote viwili, mishono midogo midogo, akavigandisha kwa solushen ya baiskeli, ile gundi ya kuzibia pancha. Alisema kwa kuwa baiskeli yenyewe haipo, solushen ifanye kazi nyingine. Ndiyo mara ya kwanza tulicheka.

Rangi niliipata gereji nyingine, mabaki ya kopo, krimu. Nikaichuja kwa soksi ya nailoni, nikaitia thina. Mashine ya kupulizia sikuwa nayo, nikatumia bomba la kupulizia dawa ya mbu, nimelisafisha mara saba. Shinyanga upepo unaamka na jua, na ukiamka unaleta vumbi la nusu ya mkoa. Kwa hiyo nilipiga alfajiri, kukipambazuka tu. Nilimwaga maji uani, nikafungia kuku, na kaka nikampangia kusimama hatua kumi kutoka kwangu akifukuza inzi kwa taulo. Mkono wa kwanza wa rangi ukaenda vizuri, wa pili pia. Wa tatu, kumbikumbi mmoja alitoka nisikojua akatua katikati ya boneti, akatembea. Nikakwangua, nikaanza upya. Mkono wa nne ulipokauka, nikapiga msasa wa maji, nikang'arisha kwa dawa ya meno mpaka nikaona kidevu changu kwenye mlango.

Kila ubavu, juu ya ile mikwaruzo niliyoiziba, nikachora mstari mmoja mwembamba wa rangi ile ile ya damu ya mzee, ufanane na viti. Bampa na vioo vya pembeni nikavivika karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara. Taa za nyuma nilizipaka rangi ya kucha. Niliinunua kwa makusudi, nyekundu, na nilipokuwa naipaka nilimkumbuka yule fundi kwa jina lake kamili. Nikavirudisha vipande vyote kuanzia cha mwisho kwenye gazeti, na mwisho baba aliomba kibao cha namba. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka mwaka ule, ndiyo sababu vibao vikubwa vyote nilikuwa naviandika mimi. Aliegemeza kiwiko mezani, akashika pumzi, akaandika namba ya gari la kweli la mzee kwenye kipande cha bati kidogo kuliko ukucha. Hapakuwa na herufi hata moja iliyotetemeka.

Jumamosi ya wiki ya pili nililifunga kwenye kanga safi nikaenda. Kaka alinifuata. Nilimkataza, akanifuata hivyo hivyo. Dukani walikuwepo mzee na mkewe, mama mnene mpole aliyekuwa akipima vitenge. Tukaamkia. Nikaliweka gari kwenye meza ya kioo, nikafungua kanga.

Mzee alilizungusha. Alifungua mlango, akafunga. Akazungusha usukani kwa ncha ya kidole, magurudumu yakakata kona.

"Nilisema kila kitu kibaki kama kilivyo."

"Ulisema, mzee."

"Paa liko wapi?"

Nilikuwa nimetunga hotuba njia nzima. Ikayeyuka nayo. "Limeungua," nikasema. "Kaka yangu huyu alitaka kunichorea mstari wa dhahabu kwa zebaki, akaliweka jikoni. Nikatengeneza paa jingine likawa baya, nikalikata. Sikutaka kukuficha. Kosa ni letu. Lakini rangi ni yangu, naomba uitazame rangi."

Kaka alikuwa anatazama ndala zake. Mzee akamgeukia. "Dhahabu ya kweli?"

"Ya kweli, mzee."

"Iko wapi sasa?"

"Imo humo humo. Chuma kimeimeza. Hapo chini ya mstari."

Mzee aliinamisha gari kwenye mwanga wa mlangoni akapitisha kidole juu ya mstari, kutoka puani mpaka mkiani, halafu juu ya boneti, halafu juu ya mlango. Nilijua anatafuta vumbi lililogandia, nami nilikuwa nimepitisha kidole changu mara mia. Hapakuwa na chembe. Mke wa mzee akaacha vitenge vyake, akaja, akachungulia viti vya mahameli. "Sasa na ndani panaonekana," akasema, akatabasamu. "Zamani palikuwa na giza."

Mzee akavuta droo, akatoa funguo, akaniwekea kiganjani.

"La kwangu," akasema, "paa uliache."

Tulicheka mpaka wateja wa mlangoni wakaingia kuuliza kuna nini. Mimi nilicheka huku nalia, sioni haya kusema. Kaka alimshukuru mzee kwa Kisukuma, "wabeja, wabeja sana," mara nyingi kuliko ilivyohitajika, na mzee akamjibu kwa Kisukuma kilichonyooka kuliko chake.

Saluni niliipiga rangi kwa wiki tatu, kwa mashine ya kuazima, na siku ya harusi ilipita mbele ya kibanda chetu taratibu, krimu tupu, bibi harusi ndani, na baba alisimama. Yule fundi wa gereji alikuja kuiona ilipoegeshwa. Alipitisha kidole boneti, akakitazama kidole chake, akaondoka. Baada ya hapo nilipiga rangi magari kwa miaka mingi.

Lile dogo lilirudi juu ya kabati la vioo, ila watoto hawakupewa tena. Wanaolia walipewa peremende. Kaka kila aliposhuka kutoka Segese, kabla hajafika nyumbani, alipitia dukani, akaamkia, akasimama mbele ya kabati akilitazama, kisha akaondoka bila kununua kitu. Mwaka mmoja mzee alimwambia kwamba kama anataka, alichukue, wajaribu kuitoa ile dhahabu yake kwenye chuma.

Kaka alikataa. Alimwambia, "Mzee, nimeshika dhahabu nyingi tangu ile, na nyingine zote sijui ziliishia wapi. Hii peke yake ndiyo ninayojua iliko." Kisha akaaga, akaja nyumbani kwa miguu, akaniambia mstari wangu bado umenyooka.